Kwenda Ikonge Kuuliza Bei ya Jua

Safari hii ilianza na ugomvi. Injini ya dizeli inayovuta maji ya kisima chetu huku Kwale ilikuwa imezeeka, kila wiki inataka fundi, na chama chetu cha akina mama kikagawanyika mafungu mawili. Fungu moja, nami nikiwamo, lilitaka sola. Fungu la pili, likiongozwa na jirani yangu Bi Rehema, ambaye akishika neno haliachii, lilitaka injini mpya ya dizeli. "Dizeli naujua ubaya wake," alisema mbele ya mkutano. "Hiyo sola yenu ubaya wake umejificha wapi?" Nilimjibu kwa maneno mengi na mikono mingi, lakini niliporudi nyumbani swali lake likanikaa. Jua ni la bure, hilo sina shaka nalo. Vioo, nyaya na betri si vya bure, na siku vikifa vitatupwa mahali fulani, na mahali hapo ni kwa mtu.

Aliyetutatulia ni Mwalimu Joshua, kijana wa Nyamira anayefundisha shule yetu ya msingi. Kwao, karibu na soko la Ikonge, waliacha dizeli wakatia sola miaka kadhaa iliyopita. Akasema mama yake atanipokea kwa mikono miwili. Chama kikakubali kunituma nikaone kwa macho yangu, kwa sharti kwamba jibu nitakalorudi nalo ndilo litakaloamua tununue nini. Mama mmoja aliuliza kwa nini niende mimi, mpenda sola. Bi Rehema mwenyewe akanitetea: "Mwacheni Mwanaisha aende. Hajui kuficha kitu, uso wake utatuambia." Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinitukana.

Jumanne alfajiri niliondoka na mkoba mmoja, sweta mbili za kuazima na kopo la halua kwa ajili ya wenyeji. Nilikwenda Nairobi kwa treni, nikalala kwa binti wa dada yangu, na kesho yake nikashika njia ya Narok. Sitawachosha na habari za njiani. Mashamba ya ngano, ng'ombe, upepo. Kisha tulipopita Bomet ardhi ikaanza kupanda na kushuka. Mimi nimezoea nchi iliyolala, kwa hiyo kila tulipokata kona nilishika kiti cha mbele kwa mikono yote. Vilima vimelimwa hadi utosini: migomba, chai, mahindi, majani ya ng'ombe, nyumba, kaburi, tena migomba. Sikuona pahali pa kutandika hata jamvi.

Jumatano jioni nilifika mji wa Kisii, mvua ikinyesha na baridi ikipenya sweta zote mbili. Mji umepanda mlimani, maduka yamebebana, na watu wanafanya biashara kana kwamba hakuna mvua. Karibu kila duka la vifaa vya umeme lilikuwa na paneli za sola zimeegemezwa mlangoni, kubwa kwa ndogo, kama sinia zilizooshwa zikaanikwa. Nikajiambia kwamba nimefika penyewe, na nikalala usingizi mzuri chini ya blanketi nzito kuliko zote nilizowahi kujifunika.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Nyakoe, soko lililo karibu na mji, kumwona Bwana Momanyi. Huyu ndiye muuzaji aliyewafungia watu wa Ikonge sola yao, na Mwalimu Joshua alinipa namba yake. Nilimkuta dukani, mtu mnene mwenye vicheko, akiwa amevaa aproni ya ngozi.

"Wewe mama umetoka Mombasa mpaka hapa kuangalia sola ya Ikonge?"

"Nimetoka Kwale."

"Ni hapo hapo," akasema, akaniwekea stuli. "Lakini umechelewa kidogo. Jumapili naenda kuitoa. Wamechoka nayo. Mimi nachukua paneli, wao nawapatia injini ya dizeli."

Moyo ulinishuka hadi kwenye viatu. Nilimwona Bi Rehema kwa macho ya akili yangu, amekaa kwenye mkeka wake akitabasamu. Nikamuuliza sola ina kasoro gani.

"Paneli haina makosa. Shida ni betri. Nimewawekea mara ya tatu sasa. Kuna mteja wangu kule Itumbe nimemwekea betri kama hiyo, inakaa miaka. Ya Ikonge ikimaliza mwaka, ni bahati." Akatikisa kichwa. "Na betri haifi hivi hivi, mama. Mtu anaiua. Ukiimaliza mpaka chini kabisa, tena na tena, umeiua. Sasa nikiwauliza mnatumia hiyo umeme kwa kazi gani, wananiambia ni maji tu. Na yule mzee wa kanisa hawezi kudanganya. Mimi nitasema nini?"

Niliuliza zile zilizokufa huenda wapi. Akanizungusha nyuma ya duka, akanionyesha betri kuukuu zimepangwa wima chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji. Alisema yeye huzinunua zikiwa nzima akazirudisha kwa wenye kuziyeyusha. "Lakini kuna watu wa pikipiki wanapita wakinunua vyuma. Wao wanapasua hapo hapo kwa shamba ya mtu, wanamwaga asidi, wanaenda na hiyo madini ya risasi peke yake. Zile za kwanza za Ikonge zilienda hivyo." Nilitoka Nyakoe nikijua ubaya mmoja wa kumpelekea Bi Rehema, na sikuupenda.

Alasiri ya siku hiyo hiyo nikafika Ikonge. Mama Joshua alinisubiri kando ya barabara na mwavuli mkubwa, mwanamke mrefu wa makamo, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu anayewahi jambo. Alinikumbatia kama dada yake. Nyumba yake imezungukwa na chai pande tatu, majani mabichi hadi mlangoni, nami nikaona sasa nitakunywa chai ya kweli, chai iliyotoka shambani kwenda birikani. Akaniletea kikombe. Nikainua kifuniko: uji.

"Sisi wa nyumba hii hatunywi majani," akasema bila wasiwasi. "Kanisa yetu inatufundisha tuyaache. Tunachuma, tunapeleka kiwandani, nyinyi mnakunywa."

"Kwa hiyo miaka yote hii mmekuwa mkitupikia?"

"Na mnashukuru," akajibu, tukacheka mpaka uji ukapoa. Aliponiuliza kuhusu nyama nikamwambia ya halali tu, na nguruwe kwangu hapana. Akapiga makofi: nguruwe kwao pia hapana. Kisha akanikabidhi kuku na kisu. Nikachinja mwenyewe, na kuanzia hapo jiko likawa letu sote wawili.

Ijumaa asubuhi alinipeleka chini kwenye chemchemi. Kanisa lao la Wasabato liko juu ya kilima, na sola iko juu ya paa la kanisa, kwa sababu ambayo niliielewa mara tu nilipotazama huku na huku: hakuna mtu katika kijiji kile mwenye ardhi ya kuwekea kitu kisicholiwa. Umeme unashuka kwa waya hadi kwenye pampu, maji yanapanda kwa bomba hadi tangi la kanisa, na kutoka hapo yanakwenda kwenye vibomba vya nyumba. Hivyo tu. Lakini kutoka nyumbani hadi chemchemini ni mteremko unaotaka magoti ya mbuzi, na wakati wa kupanda mimi nilikaa chini njiani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na sikuwa nimebeba chochote.

"Mimi niliteka hapa tangu niolewe," alisema Mama Joshua akiningojea. "Mgongo yangu inajua kila jiwe. Ikaja dizeli, tukapumzika. Lakini mafuta ilikuwa inaisha, tunarudi. Na maji ilikuwa na mafuta juu, uji inanuka. Ikaja sola, maji ikawa safi. Sasa hii betri inamaliza bonasi yote ya chai, ile pesa kiwanda inatupa mwisho wa mwaka. Watu wamesema basi, irudi dizeli. Na ikirudi dizeli, mimi najua nitarudi hapa na mtungi."

Alisema hivyo bila kulia wala kulalamika, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Jumapili ikipita na zile paneli zikaondoka, mwanamke huyu na wenzake wangerudi kwenye mteremko ule, na mimi ningerudi kwetu na jibu ambalo lingeninyamazisha.

Karibu na kanisa alinionyesha kipande cha ardhi kitupu, si kikubwa kuliko chumba cha kulala. Hapo palikuwa na migomba ya kanisa. Ndipo yule mtu wa pikipiki alipopasulia betri za kwanza, na migomba ikakauka, na mpaka leo hakuna jani lililoota. Wanaume walichimba mfereji juu yake ili maji ya mvua yasipitie hapo kwenda chemchemini. Betri zilizokufa baadaye wamezifungia stoo, hawajui wazifanye nini. Nilikuwa nimesema mbele ya mkutano kwamba sola haichafui, na hapa nilikuwa nakanyaga uchafu wake.

Kwa upande mwingine, haki ya kila kitu isemwe. Kwenye mteremko, kati ya kanisa na chemchemi, palikuwa na mikaratusi mirefu iliyotia kivuli kwenye paa la kanisa, wakaikata ili paneli zipate jua. Mikaratusi hunywa maji mno, na tangu ikatwe chemchemi imeongezeka. Hilo hakuna aliyelipanga. Wamepanda mianzi mahali pake.

Mchana mvua ya mawe ilianguka kama mtu anamwaga kokoto juu ya mabati. Nilidhani paneli zote za kanisa zimekuwa vipande vipande. Ilipokwisha tukaenda kutazama: chai imechanika majani, paneli zinang'aa. Kisha karibu na magharibi, anga limetakata kabisa, nikawaona vijana wawili wanapanda ngazi na mablanketi na turubai, wanazifunika zile paneli moja moja na kufunga kamba. Chini alisimama mzee mfupi aliyejifunga skafu shingoni, akielekeza kwa kidole. Mama Joshua alinitambulisha: Mzee Ombati, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Mzee, shikamoo. Mnazikinga na mawe ya mvua?"

Alinijibu kwa sauti ya kunong'ona, ikabidi nimsogelee. Baadaye niliambiwa alipasuliwa koo zamani na sauti haikurudi. "Hapana, mama. Hizo mawe haiwezi kitu. Ni Sabato inaingia. Hii paa ni ya kanisa, na kitu ikikaa juu ya kanisa, lazima ipumzike na kanisa."

"Na pampu?"

"Imezimwa. Tangi ilijaa mchana. Sabato njema."

Maneno yake yalinipendeza. Kwetu Ijumaa saa ya sala maduka hufungwa, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote. Niliona watu wanaoishika dini yao kwa mikono yote miwili, hata sola wameisilimisha, au niseme wameibatiza.

Jumamosi kijiji kizima kilikuwa kanisani, wamevaa wakapendeza. Nami nikaenda na buibui langu, nikakaa benchi la karibu na mlango, na kila aliyepita alinipa mkono. Kwaya zilikuwa tatu, mbili zimetoka vijiji vya jirani, na kila moja ina kinanda na vipaza sauti vyake. Mbele zilisimama spika mbili ndefu kuliko mimi. Waliimba, jamani, waliimba mpaka benchi langu likatetemeka. Kisha Mzee Ombati akasimama kuhubiri. Akaishika maikrofoni karibu na midomo, na ule mnong'ono ukatoka kwenye spika ukiwa mpana, umetulia, ukajaza kanisa na kuteremka mpaka kwenye mashamba ya chai. Nilimwona mtu mwingine kabisa. Mchana ulipita hivyo, ibada, masomo, nyimbo, tena nyimbo, hadi jua likaelekea kuzama.

Jua lilipokaribia kuzama, chumba kidogo cha pembeni kikaanza kulia: tii, tii, tii. Ndani yake, pamoja na betri, kuna kisanduku cha umeme kinachoonya kwamba betri zimekwisha. Hakuna aliyeshtuka. Mzee Ombati akanong'ona kwamba betri mbovu zimeanza tena, kiongozi wa kwaya akazima spika, watu wakaagana.

"Hulia hivi mara nyingi?" nilimuuliza Mama Joshua tukirudi.

"Kila Sabato ikiisha. Na kesho pampu haitaanza mpaka jua ipande sana. Kukiwa na mawingu, ni Jumatatu. Sisi Jumapili asubuhi tunateremka na mtungi, tumezoea."

Tuliingia jikoni. Yeye akasonga ugali, mimi nikachambua mboga. Kila Sabato ikiisha: maneno hayo yakanizunguka kichwani pamoja na yale ya Momanyi, ya betri inayomalizwa tena na tena. Nikauliza kwa upole, kwa sababu mgeni hapaswi kuhesabu vijiko vya mwenyeji.

"Mama Joshua, zile spika zinakula wapi?"

"Kwa betri hiyo hiyo."

"Na leo betri yenyewe imekula wapi?"

Mwiko ulisimama. Alinitazama, akatazama ugali, akatazama upande wa kanisa kana kwamba anaweza kuona paa kupitia ukutani, na mablanketi juu yake. Kisha akakaa chini kwenye kigoda.

"Momanyi alituuliza," akasema polepole. "Tulimwambia ni maji tu. Hatukudanganya! Hiyo ya spika hatukuwahi kuihesabu. Mtu akikuuliza unatumia umeme kwa kazi gani, unamwambia kazi. Ibada si kazi."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikiri kwamba nilimpenda zaidi kwa jibu lile. Siku moja tu katika juma walizizuia paneli kula jua, na siku hiyo hiyo ndiyo betri zilitumikishwa kuliko siku nyingine zote. Wala hakuna aliyekosa adabu, hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya. Walikuwa wanaziua betri kwa ucha Mungu.

"Nimwambie mzee?" nikauliza.

"Wewe usiseme," akasema haraka. "Wewe ni mgeni, tena Mwislamu. Ukisema wewe, itakuwa maneno ya dini, na watu watanuna. Nitasema mimi." Akanyanyua mwiko, akaushusha tena. "Lakini ile sauti yake, mama. Bila spika huyo mzee hana sauti." Ugali ulikuwa na madonge, jambo ambalo aliniomba nisimwambie Joshua.

Jumapili asubuhi kulikuwa na mawingu. Mama Joshua aliteremka na mtungi, akapanda nao, akaubeba moja kwa moja hadi uani pa kanisa, akautua mbele ya kamati maji yakichuruzika. Pikapu ya Momanyi ilikwisha fika, na vijana walikuwa wanaegemeza ngazi. Alisalimia kila mtu, kama ilivyo desturi, akauliza hali za nyumbani mmoja mmoja, mpaka nikaona nitapasuka kwa kungoja. Ndipo akasema kwa Kiswahili, kwa heshima yangu, kwamba ana swali kabla ya paneli kushuka.

"Mzee wetu, chai inamea siku ya Sabato ama haimei?"

"Inamea," akanong'ona Mzee Ombati.

"Sisi hatuchumi. Lakini kumea inamea. Sasa nani hapa amewahi kufunika shamba yake blanketi?"

Watu wakacheka, Momanyi akacheka kuliko wote, kisha akaacha ghafla. Niliona anaunganisha. Akauliza paneli hufunikwa lini, akajibiwa. Akauliza spika zinapiga kwa umeme gani, akajibiwa. Akajipiga paji la uso, akaingia kile chumba na kifaa chake cha kupimia, akatoka.

"Hii betri bado haijakufa," akasema. "Imechoka tu. Mkiacha kuimaliza kila wiki, itawatumikia. Mimi naweza kuchukua paneli leo, ni biashara yangu. Lakini nitakuwa nimewaibia."

Maneno yakaanza kuruka kwa Ekegusii, lugha ya kwao, na sikufuata nusu yake. Wengine walitaka mablanketi yaondolewe, wengine walisema kuvuna ni kuvuna, uwe umevuna chai au jua. Kiongozi wa kwaya alishika kiuno. Mzee Ombati alikuwa amekitazama kile kipande kitupu cha migomba. Kisha akainua mkono, na watu wakajibana kumzunguka, maana hakuna namna nyingine ya kumsikia. Alisema kwanza kwa lugha yao, halafu akanigeukia akarudia kwa Kiswahili.

"Kama jua inafanya kazi Sabato ama haifanyi, hiyo mimi sijui. Nitaenda kuuliza wakubwa wa kanisa, na blanketi itabaki vile iko mpaka jibu yao ije. Lakini spika, hiyo nimejionea. Jana kwa hii kilima, spika ndiyo ilifanya kazi kuliko sisi wote. Kuanzia sasa, Sabato spika itapumzika."

"Na wewe, mzee?" akauliza kiongozi wa kwaya. Hakuwa na hasira tena. "Nani atakusikia?"

"Mwenye kutaka kusikia, atasogea."

Aligusa skafu yake, akawaambia vijana waondoe ngazi. Nilijaribu kutazama chini, kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa maji na sikutaka yule mzee aone nimemhurumia. Alikuwa na kitu kimoja kilichomfanya awe mkubwa mbele ya watu, na amekitoa hapo, uani, mbele ya mtungi wa Mama Joshua.

Momanyi hakurudi bure. Walimfungulia stoo, akapakia betri zote zilizokufa, nzima, bila kumwaga tone. Mama Joshua alisimama akizihesabu kwa macho mpaka ya mwisho ilipopanda garini, kisha akachukua mtungi wake, tukaenda kupika.

Jumatatu niliagana nao. Mama Joshua alinifungia ndizi, parachichi na mfuko wa majani ya chai, akaniambia ninywe kwa niaba yake. Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, ila sasa sikushika kiti cha mbele, nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Bi Rehema.

Wiki iliyofuata Mama Joshua alinipigia simu Jumapili asubuhi. Pampu iliamka peke yake, na maji yalifika jikoni kabla hajamaliza kutandika kitanda. Na kanisani, alisema, mabenchi ya mbele yalijaa kwanza, hata wale wanaume wa kujificha nyuma walikwenda mbele, na mzee alihubiri watu wakiwa wameinama kumsikiliza, kimya, hata watoto.

Mkutano wetu ulifanyika kwenye ukumbi wa chama, hatua chache kutoka kisimani. Niliwaeleza yote, pamoja na kile kipande kisichoota jani, kwa sababu nilitumwa kuona na si kupamba. Nilisema sola ni rahisi kuliko dizeli kwa mtu anayejua atazima nini, na ni ghali mno kwa asiyejua. Nikasema nionavyo mimi, tuvute maji kwa paneli peke yake wakati wa jua, tuyahifadhi kwenye tangi, wala tusiweke betri hata moja. Manung'uniko yakaanza papo hapo. Harusi zetu zote hufanyika ukumbini humu, na nusu ya wanaotaka sola walikuwa wanaitaka kwa taa na spika za harusi. Bila betri, mwenye harusi ajitegemee. Niliwatazama nikaona tunaelekea kugawanyika tena.

Bi Rehema naye, mjukuu wake alikuwa anaolewa baada ya mwezi. Amekuwa akituambia tangu mwaka jana jinsi muziki wake utakavyosikika mpaka barabara kuu.

"Huyo mzee," akaniuliza, "ana sauti kweli?"

"Hana, Bi Rehema. Ni mnong'ono tu."

"Na alizima?"

"Alizima."

Alivuta kanga yake begani, akaiweka sawa, akaitazama ile spika kuukuu iliyo pembeni mwa ukumbi.

"Basi harusi ya mjukuu wangu itapigwa matari," akasema. "Andikeni hakuna betri."

Tulipopiga kura, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wake.